Mashine ya Moyo Niliyoiweka Mezani

Kama umetoka hospitali leo na umeambiwa ununue kipimo cha kufuatilia mapigo ya moyo wako nyumbani, kaa chini kwanza. Usikimbilie dukani. Mimi nilikimbilia, na kwa kweli nilinunua kitu kizuri, kinafanya kazi hadi leo. Kosa langu halikuwa dukani. Lilikuwa sebuleni kwangu, na baadaye mbele ya daktari, na limemgharimu mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Naandika haya ili wewe usilirudie.

Naitwa Paskazia. Nyumbani ni Ihanda, hapa Karagwe, kwenye kibanja cha migomba na mibuni ambacho mume wangu aliachiwa na baba yake. Mume wangu anaitwa Baba Anitha, kwa jina la binti yetu wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kyerwa. Watoto wengine wametawanyika, tumebaki wawili. Nina miaka hamsini na saba, na kabla ya ugonjwa huu nilikuwa nikijisifu kwamba hospitali naijua kwa kujifungua tu.

Moyo ulianza vituko wakati wa kuchuma kahawa. Nilikuwa chini ya mbuni, ndoo imefika nusu, nikasikia kitu kifuani kinaruka, kinatulia, kinakimbia tena, kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Nikakaa juu ya ndoo. Kikanyamaza. Nikaendelea kuchuma. Sikumwambia mtu, kwa sababu kwetu kahawa ikishaiva haina subira, na mtu anayeugua wakati huo anaonekana kama amechagua. Wiki zikapita. Kilima cha kutoka kisimani, ambacho nilikuwa nakipanda huku nikiimba, kikaanza kunisimamisha mara tatu. Jioni miguu ikavimba, soksi zikaacha mfereji. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, nami nikasema ni uzee. Anitha alipokuja likizo aliniangalia nikipanda ngazi mbili za barazani, akaweka begi chini kabla hata hajaniamkia vizuri. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Nani asiyelijua benchi la hospitali? Unasogea kwa makalio, mtu mmoja mmoja, na kila ukisogea unaukuta ubao una joto la aliyetangulia. Siku hiyo nilisogea kuanzia saa mbili hadi saa saba. Jirani yangu wa benchi alikuwa mama mmoja kutoka Kituntu aliyekuja na mumewe. Alipoona natetemeka alinifunika nusu ya kitenge chake bila kuniuliza, akaendelea kuzungumza na mumewe kama vile hakufanya kitu. Sijamwona tena mama huyo. Katika ugonjwa utakutana na watu wa namna hiyo, na nakushauri uwakumbuke, maana kuna siku utahitaji kuamini kwamba wapo.

Waliniwekea nyaya kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Daktari alikuwa mwanamke wa Muleba, wa umri wa binti yangu, na aliniamkia shikamoo kabla sijakaa. Alisema moyo wangu unapiga bila mpangilio. Alisema hatari yake kubwa si kule kuruka kwenyewe. Ni kwamba damu inaweza kuganda ndani ya moyo, na donge likapanda kichwani, mtu akapooza. Akaniandikia dawa mbili, moja ya kutuliza moyo na moja ya kuzuia damu isigande. Akaniambia nitembee kila asubuhi, polepole. Akaniambia pia nipunguze kahawa, hata zile za kutafuna. Hapo ndipo nilipomwona kama mtu katili. Kumwambia mwanamke wa Karagwe aache kahawa ya kutafuna ni kumwambia akae na wageni mdomo mtupu.

Halafu tukafika kwenye kipimo. Alisema anataka kujua moyo wangu unafanya nini siku ambazo hanioni. Akanitajia aina tatu. Ipo saa ya kuvaa mkononi, inayokaa inakuhesabu kutwa nzima. Kipo kibao kidogo, unaweka vidole viwili juu yake, kinachora mstari wa moyo kwenye simu, na ule mstari unaweza kumtumia daktari. Na ipo ile mashine ya presha ya kufunga mkanda kwenye mkono, yenye namba kubwa, ambayo mapigo yakienda ovyo inawasha alama ndogo ya moyo pembeni. Hiyo haichori mstari, alisema, lakini inatosha kutuonya, na inatunza vipimo vyote ndani pamoja na saa vilipochukuliwa.

Kisha akasema neno ambalo nalisikia hadi leo. "Mama, chochote utakachochagua, kiwe chako peke yako. Upime wewe tu, saa ileile, na uandike kwenye daftari."

Nikaitikia. Kuitikia mbele ya daktari ni kazi rahisi.

Nyumbani tulibishana wiki nzima. Anitha alitaka kibao cha vidole. Alikuwa tayari kuniachia simu yake kubwa. Nikamwambia simu yangu ya tochi inanitosha, na vidole vyangu vya jembe havitasomeka na kitu laini vile. Saa niliikataa kwa sababu inataka chaji kila mara, na umeme wetu wa jua unatosha taa na redio basi. Tena nilijiona namenya ndizi huku mkono unawaka taa, watu wanasema Paskazia siku hizi ni wa mjini. Mkanda ndio nilioutaka. Betri zake zinapatikana hata Ihanda, namba zake nazisoma bila miwani. Tulikwenda Kayanga, mwenye duka akaurekebishia saa yake, tukarudi nao.

Hizo ndizo sababu nilizozisema. Ile ya kweli sikuisema, na wewe nakuambia. Saa ni ya mtu mmoja. Kibao ni cha mtu mmoja. Mkanda unaingia mkono wa yeyote. Nilikuwa naona aibu kuwa na kitu cha thamani nyumbani ambacho mgeni hawezi kukigusa. Nimelelewa hivyo. Mgeni akiingia, kabla hajasema shida yake, anapewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamwani, anachukua chache, anakurudishia nawe uchukue. Ukimnyima hizo umemwambia atoke. Sasa wageni walikuwa wanakuja kunijulia hali, kila siku wawili watatu, na mashine iko pale. Ningeificha chumbani kama mwizi?

Nikaiweka mezani, karibu na kikapu.

Wa kwanza alikuwa Ma Generoza, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanakwaya mwenzangu. Alitafuna kahawa yake, akaitazama mashine, akaitazama tena, nikajikuta namwambia alete mkono. Mkanda ulipombana alicheka mpaka machozi. Namba zikatoka nzuri, akaondoka akitembea kama mtu aliyepewa cheti. Basi. Kufikia Jumapili waliotoka kanisani walipitia kwangu. Wazee walikunja mikono ya makoti. Kuna aliyetoka Igurwa na baiskeli, eti amesikia kuna mama anapima. Mimi nikakaa kitini kama mganga, nafunga, nafungua, natoa ushauri ambao sikuwa nao. Nikiri: ilinifurahisha. Ugonjwa ulikuwa umeninyang'anya kisima, jembe na kahawa yangu, na mashine ile ilinirudishia heshima kidogo. Daftari sikuandika. Nilijua mashine inatunza yenyewe.

Kwa Baba Anitha sikuwa na furaha hiyo. Huyu ni mtu mpole, mrefu, asiyeongea sana, fundi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tangu nilipoanza dawa alikuwa ananiuliza hali kila anapopita. Umeamkaje. Moyo unasemaje leo. Umekunywa dawa. Alikuwa ananiuliza nikiwa chooni. Mimi nina ulimi, wote kijijini wanajua, na maradhi yaliunoa. Siku moja nikiwa nimechoka nilimwambia, "Ukiniuliza tena habari ya moyo wangu nitarudi kwetu, ukaulizane na migomba." Na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Nilidhani nimepata amani.

Kama miezi miwili baada ya kununua mashine, jioni moja nilikuwa nimejipima, alama ya moyo ikawaka kama ilivyozoea kuwaka kwangu. Nilipofungua mkanda Baba Anitha akaleta mkono wake. Alisema wamepimwa watu wote wa Ihanda isipokuwa mwenye nyumba. Nikamfunga. Mashine ikabana, ikapumua, ikatoa namba. Pembeni, alama ya moyo ikawaka.

Aliiona kabla yangu. "Mama Anitha, mbona inawaka kama kwako?"

Nikaangalia mashine, nikakumbuka mtumbwi wake. Namaanisha ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi za rubisi, ulioko nyuma ya nyumba. Kila mpika pombe hapa anajua kwamba mtumbwi uliotumika una kumbukumbu. Chachu ya juzi imejificha kwenye mbao, ukitia ndizi za leo zinaumuka kwa ile ya juzi. Ndiyo maana hauazimwi ovyo, mtu akiuazima anaweka pombe yake ndani ya yako.

"Huo ni moyo wangu," nikamwambia. "Mkanda nimeutoa mkononi sasa hivi. Mashine imeuzoea, kama mtumbwi wako."

Akafikiri. Kwa mtu kama yeye maelezo hayo yalikuwa na akili kabisa. Akasema, basi inakukumbuka, akashusha mkono wa shati, akaenda kufunga mbuzi. Nami nikaiamini kauli yangu mwenyewe, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu hata kichwa changu cha mwanamke asiyesoma sana kingeweza kuona. Nilikuwa nimewapima watu wengi, wengine mara tu baada ya kujipima mimi. Ma Generoza haikumwakia. Wazee hawakuwakiwa. Kama mashine ilikuwa na moyo wangu ndani, mbona haikuwapa wote? Sikujiuliza. Jibu langu lilikuwa tamu na lilimaliza mazungumzo.

Baada ya hapo nilianza kugundua kwamba nikirudi kwenye matembezi yangu ya asubuhi naukuta mkanda umekunjwa vingine. Mimi huukunja kwa ndani. Nikajua ni yeye anachezea. Wanaume wakipata kitu chenye kitufe, nikasema, wanakuwa watoto. Nikamwacha.

Mvua za masika zilipokatika nilikuwa na siku ya kliniki. Daktari akaniambia nimpe mashine, akabonyeza kitufe ambacho sijawahi kukibonyeza, namba zikaanza kupita moja baada ya nyingine, na saa zake, na alama zake. Akakunja uso. Alisema jioni moyo wangu unaruka mara chache, inaonekana dawa zinafanya kazi, ila asubuhi ni tatizo. Asubuhi unaruka sana, na unakimbia.

"Hizi zote ni zako, mama?"

Nilijua za mchana ni za wageni. Nilijua za asubuhi alikuwa Baba Anitha. Lakini alikuwa ameniambia kiwe changu peke yangu, na mimi ni mtu mzima wa kanisa, na nje kulikuwa na benchi zima la watu wanaosikia kila kitu kupitia pazia. Isitoshe, nusu yangu iliamini kwamba hata zile za asubuhi zilikuwa moyo wangu, umekaa tu ndani ya mashine.

"Ndiyo," nikasema. "Zote ni zangu." Nikaongeza kwamba labda ni yale matembezi.

Akanipandishia dawa ya kutuliza moyo.

Dawa ile ilikuwa ya mapigo ya mtu mwingine, na mwili wangu uliijua. Wiki ya pili nikaanza kuwa mzito. Nikiinama kuokota, dunia inabaki chini. Mikono ikawa baridi hata jua likiwaka, maneno yakawa yananifikia yamechelewa. Nilianguka kwenye migomba, nikiwa na kisu cha kukatia majani, Mungu akakitupa upande mwingine. Baba Anitha ndiye aliyeniinua. Alinibeba, mimi mwenye kilo zangu, mpaka barazani, na nilipomlalia kifuani nilisikia anahema kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kuhema. Nikasema ni kwa sababu ya uzito wangu. Hospitali wakanipunguzia dawa. Daktari alionekana hana raha. Alisema mashine inasema hivi na mwili unasema vile, na kwamba safari ijayo atanipeleka nikavalishwe kipimo cha kukaa nacho siku nzima. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu kabisa. Anitha, aliyekuja aliposikia nimeanguka, alikuwa amekaa pale, akatania kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akimaanisha jinsi nilivyochelewa kuja mwanzoni. Nikacheka nao.

Ikaja vuli, na vuli kwetu huja na senene, panzi wetu wa kukaanga. Siku hiyo saa nne asubuhi jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Baba Anitha alikaa barazani na ungo mapajani, ananyonyoa mbawa na miguu. Katika kazi hiyo hakuna mwanamke wa kumfikia. Vidole vyake vikubwa hivyo, lakini vyepesi. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga. Nikaona amesimamisha kazi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye ungo, na senene walio hai walikuwa wanautembelea juu, wanapita kwenye vidole, naye anawaangalia tu. Nikamwuliza kama amechoka. Akageuza uso kunijibu, na mdomo ukaenda upande mmoja.

Gari la jirani lilipatikana haraka, hilo nalishukuru. Njiani nilimshika mkono ule na nikawa namwambia anibane. Alikuwa ananitazama kwa namna ya mtu anayejaribu.

Walimwekea nyaya zilezile, mashine ikachora mistari ileile. Daktari wa Muleba alikuja na karatasi mkononi, akanivuta pembeni. Alisema mzee ana mapigo kama yangu, na huenda amekuwa nayo muda mrefu. Moyo wake ndio uliogandisha damu na kuirusha kichwani. Akaniuliza kama hatukuwahi kumpima hata mara moja, na mashine tunayo.

Nilikuwa nayo kwenye mfuko, maana nilizoea kuja nayo hospitali. Nikaitoa nikampa. "Zile za asubuhi ni zake," nikasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa wazi, akabonyeza kile kitufe, namba zikapita, asubuhi baada ya asubuhi, miezi. Nikamweleza yote, wageni, kikapu, mezani, mtumbwi. Aliposikia habari ya kikapu alifumba macho.

"Ungeniambia, mama," akasema. "Mimi ni mtoto wa Muleba. Ningeelewa."

Nimeyalia maneno hayo kuliko mengine yote. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya mtu aliyekulia kwenye kahawa ileile. Dawa ambayo ingezuia lile donge ilikuwa kwenye kabati langu, nainywa kila siku, na mtu aliyeihitaji kama mimi alikuwa analala upande wa pili wa kitanda.

Tulikaa wodini siku kumi na nne. Alipotoka alikuwa anavuta mguu, mkono wa kulia unaning'inia, na maneno hayapo. Anitha aliomba ruhusa shuleni akakaa nasi. Hakuniambia kitu kibaya, ila kwa wiki nzima alikuwa ananipita jikoni kama mtu anayepita karibu na moto. Siku moja akasema kwamba yeye alitaka kibao cha vidole. Akasema hivyo tu, akaendelea kuosha vyombo. Kibao kile nacho mgeni angekiwekea vidole, nafikiri, lakini mstari ungemfikia daktari, na daktari angeona mioyo miwili.

Ma Generoza alikuja kila siku kumnyoosha mkono. Alimtengenezea mpira wa majani makavu ya mgomba, kama wa watoto, awe anaubana. Mwezi wa kwanza ulikuwa unaanguka. Mwezi wa tatu aliubana. Maneno yalirudi kwa Kinyambo chetu kwanza, ya utotoni, maji, mama, njaa. Kiswahili kilichelewa, kikaja kipande kipande. Rubisi hapiki tena, mtumbwi tumempa mdogo wake. Dawa zake anakunywa, na moyo wake umetulia kuliko wangu.

Siku hizi nyumba yetu ina mashine mbili. Nimeshona jina kwenye kila mkanda kwa uzi, na kila mmoja ana daftari lake. Wageni bado nawapa kahawa. Wakiulizia mashine nawaambia iko chumbani na inakaa huko, na wapo waliosema Paskazia amekuwa mchoyo. Waache waseme. Wewe nawe, ukinunua chako, cha aina yoyote ile, waambie watu wako mapema kwamba hiki hakigawanywi. Kama mwingine amepima, hata kwa mzaha, andika jina na saa. Alama ikiwaka kwa mtu, usimtafutie maelezo, mpeleke. Mashine haimzoei mtu. Na daktari akikuuliza, mwambie, hata kama pazia ni jepesi.

Kuna jambo moja ambalo lilinikaa rohoni muda wote huo. Nilishamwambia kwamba haukuwa moyo wake, sasa kwa nini alikuwa anajipima kila asubuhi? Nilidhani labda hakuniamini, kwamba alikuwa na hofu yake na aliibeba peke yake kwa sababu ya ukali wangu. Nilitaka kujua, na niliogopa kujua. Kahawa zilipoiva tena, mchana mmoja tukiwa wawili kwenye mikeka ya kuanikia, yeye anageuza kahawa kwa mkono wa kushoto, nilimwomba msamaha kwa kila kitu, mpaka mwisho. Kisha nikamwuliza.

Maneno yake siku hizi inabidi uyangoje, na nimejifunza kungoja.

"Ulinikataza kukuuliza," akasema. Akapumzika. "Na moyo wako ulikuwa mle ndani. Nilikuwa nakupima wewe."

Aliendelea kidogo kidogo, nami nikamngoja. Alikuwa anasubiri niende kwenye matembezi, ndipo anafunga mkanda. Ikiwaka, alikuwa anajua leo mke wake ni mgonjwa, na anamaliza kazi zangu kabla sijarudi. Na asubuhi isipowaka, alisema, alikuwa anakwenda kwenye migomba na furaha yake, kwa sababu leo sijambo.